Asilazimishwe Kumtaja Mtu Ndipo Asaidiwe

Katika wiki ya kwanza ya masomo, mwanafunzi mpya wa chuo kikuu huelekezwa mambo mengi kwa siku chache: ada inalipwaje, kozi zinasajiliwaje, karatasi za bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, zinasainiwa wapi, kitambulisho kikipotea aende ofisi gani. Huonywa asiache kompyuta yake maktaba peke yake, na asicheze na kozi weki asije akadisko, yaani akaondolewa chuoni kwa kufeli. Mwulize mwanafunzi huyo huyo mwezi mmoja baadaye: ukibakwa usiku wa leo, utaanzia wapi? Wengi watabaki wanakutazama. Baadhi watasema polisi. Wachache watasema hospitali, na hao ndio watakaokuwa wamejibu sawasawa.

Kutojua huko si uzembe wa wanafunzi. Kunatokana na namna tulivyopanga mambo. Vyuo vyetu Tanzania vina sera na kamati za maadili, na tangu serikali ilipozindua mwongozo wa madawati ya jinsia katika elimu ya juu na ya kati mwaka 2021, vingi vina hata dawati. Sheria zipo, tena kali. Lakini karibu kila mlango ambao mwanafunzi aliyedhalilishwa anaweza kuubisha unamwuliza swali lile lile kwanza: ni nani huyo aliyekufanyia? Akiwa hamjui, au hayuko tayari kumtaja, anaambiwa aende akafikirie kisha arudi. Msaada na mashtaka vimefungwa kwa kamba moja. Naamini kamba hiyo ndiyo inayowanyamazisha wanafunzi wengi kuliko aibu tunayopenda kuilaumu.

Mtu aliyebakwa ana mahitaji ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mwili na akili, nayo hayasubiri. Dawa kinga ya virusi vya Ukimwi, ile inayoitwa PEP, lazima ianzwe ndani ya saa 72, na inavyocheleweshwa ndivyo inavyopungua nguvu; ikishaanza humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vile ambavyo kila mwanafunzi anavijua kwa jina la P2, navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. Kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B, kuna majeraha, kuna vipimo vya magonjwa ya zinaa, kuna usingizi usiokuja. Mahitaji ya pili ni ya haki: kufungua jalada, kutoa maelezo, kumtambua mtuhumiwa, kusimama kizimbani mbele ya mawakili. Haya yanahitaji moyo na muda. Mtu anayetetemeka saa nane za usiku hana sababu ya kulazimishwa kuyaamua papo hapo kama sharti la kupewa vidonge.

Aina hizi mbili hukutana mahali pamoja tu, kwenye ushahidi, na hapo ndipo hospitali inapomsaidia hata yule ambaye bado hajaamua. Daktari akimpima mapema anaandika alichokiona na kuchukua sampuli. Ndiyo maana ushauri wa kwanza unaotakiwa kumfikia kila mwanafunzi ni huu: usioge, usijisafishe, usifue nguo ulizokuwa umevaa, hata kama mwili mzima unakuambia ukimbilie bafuni. Kama umeshabadili nguo, ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na unyevu huharibu sampuli. Kama unahisi uliwekewa kitu kwenye kinywaji, sema mapema ili mkojo na damu vipimwe, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hutoweka mwilini kwa saa chache. Ujumbe wa simu usiufute, hata ule unaokutia kichefuchefu. Na ukiwa umeshaoga, nenda vilevile. Kuna matibabu, na kuna ushahidi mwingine usiosafishika kwa maji.

Maneno hayo hayajazi ukurasa mmoja. Yangeweza kubandikwa nyuma ya mlango wa kila choo cha bweni. Sijui sababu yoyote ya maana inayozuia yasibandikwe.

Sasa tuangalie anachokutana nacho kwa kawaida. Anapelekwa kituo cha polisi kwanza, kwa sababu amesikia kwamba bila PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hatatibiwa. Kaunta ya kituo ni ndefu, nyuma yake amekaa askari wa zamu na daftari kubwa, na mbele yake kuna benchi la mbao lenye watu: aliyeibiwa pikipiki, mama anayedai matunzo, vijana wawili waliopigana baa. Askari anamwuliza kwa sauti anayomwulizia kila mtu, «Una shida gani?» Binti anasogea, anajibu kwa kunong'ona. Anaambiwa aongeze sauti. Kwenye benchi watu wananyamaza kusikiliza. Sehemu kubwa ya kesi huishia hapo, kwa binti kusema ameibiwa simu, akapewa RB, namba ya taarifa ya polisi, ya simu, akarudi bwenini.

Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na nimeona askari wa madawati hayo wakifanya kazi kwa utu wa hali ya juu, wengine wakitoa nauli mifukoni mwao. Tatizo ni njia ya kulifikia. Kwenye vituo vingi lazima upite kaunta ile ile, useme shida yako ndipo uelekezwe chumba cha dawati, na usiku au mwisho wa wiki chumba hicho mara nyingi kimefungwa. Mwelekeo sahihi tunao, nao ni vituo vya mkono kwa mkono vilivyo ndani ya baadhi ya hospitali, kama Mnazi Mmoja kule Unguja na Amana hapa Dar es Salaam. Pale daktari, askari na afisa ustawi wa jamii wanamfuata mgonjwa alipo, naye anasimulia mara moja. Chuo kikuu chenye zahanati yake na maelfu ya vijana wanaolala ndani ya uzio wake kinapaswa kuwa na makubaliano ya maandishi na kituo kilicho karibu, na gari la kumfikisha huko usiku bila kumwuliza sababu za safari.

Neno moja kuhusu PF3, maana fomu hii imegeuzwa mungu mdogo. Ni muhimu, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri, na wala kesi haiishi kwa sababu yake. Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri la Selemani Makumba, ambalo mawakili na mahakimu hulitaja mpaka leo, kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa lazima utoke kwa aliyebakwa mwenyewe. Sheria ya Ushahidi nayo inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Tumeona PF3 ikiondolewa kwenye kumbukumbu za kesi kwa kasoro za kiutaratibu, kwa mfano kutosomwa mahakamani baada ya kupokelewa, na bado hukumu ikasimama kwa sababu binti aliaminika. Mwanafunzi anayeambiwa «huna karatasi, huna kesi» anadanganywa.

Lakini ipo sheria nyingine ya ushahidi ambayo wanafunzi hawaijui, na inawaumiza. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama hiyo hiyo ilieleza kwamba uwezo wa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni kipimo muhimu cha kuaminika kwake, na kuchelewa bila maelezo kunamfanya hakimu mwangalifu ajiulize maswali. Mawakili wa utetezi wanaijua kanuni hii kama jina la mama zao. Swali la kwanza kwa binti kizimbani litakuwa: kama ulibakwa Ijumaa, kwa nini ulisema Jumatano?

Watu wengi wakifika hapa husema, basi na waripoti mapema, na kumwimbia binti methali ya mficha maradhi. Mimi nalisoma jambo hili kwa namna nyingine. Kumtaja mapema si lazima kufanyike polisi. Mtu wa kwanza kumwambia, awe mwenzake wa chumba, dada yake kwa simu, au nesi wa zahanati, anaweza kuja kuwa shahidi wa kwamba alisema, alisema lini, na alikuwa katika hali gani. Kwa hiyo uzito mkubwa wa kesi hubebwa na mtu ambaye hajafundishwa chochote: binti wa miaka 20 anayelala kitanda cha juu, anayeamshwa usiku na kilio cha mwenzake.

Atafanya nini? Akisema «wewe si ndiye uliyekwenda gheto kwake mwenyewe», ameshafunga mlango ambao hakuna dawati litakaloufungua tena. Akisema «nakuamini, twende hospitali, mengine tutayaona huko», amefanya kazi kubwa kuliko kamati yoyote ya chuo. Asimhoji. Asimlazimishe kurudia kisa kipande kwa kipande. Akumbuke tu saa aliyoambiwa na maneno aliyoambiwa, ayaandike mahali pa siri kabla hayajapotea. Asiyapeleke kwenye grupu la WhatsApp la darasa, hata kwa nia njema ya kumtafutia msaada. Kufundisha hayo kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kunachukua saa moja, na serikali za wanafunzi zina nguvu ya kulifanya hilo kesho zikitaka, bila kusubiri semina yenye mgeni rasmi na fulana.

Kwa kuwa nimetaja gheto, niseme wazi. Mabweni hayatoshi, na sehemu kubwa ya wanafunzi wetu wanapanga vyumba mitaani, wengine wakibebana kwenye vitanda vya marafiki zao. Kwenda chumbani kwa mtu kusoma, kula au hata kulala si ridhaa ya chochote kingine. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho makubwa ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inaeleza kwamba ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au vitisho si ridhaa, na inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka. Kwa wanaobaka kwa kundi ni kifungo cha maisha. Hakuna mahali inapouliza binti alifuata nini chumbani. Swali hilo tumelitunga wenyewe.

Tulilitunga zamani. Wazee wa Mlimani wanamkumbuka Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyejiua Februari 1990 baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Wakati ule palikuwa na kikundi cha siri kilichojiita Punch, kilichobandika ukutani michoro na maandishi machafu kuwahusu wanafunzi, hasa wa kike, na msichana akishabandikwa wenzake waliogopa hata kuonekana wamekaa naye. Haya hayakuwa ya kificho. Yalikuwa ukutani, kila mtu akipita na kusoma, wahadhiri kwa wanafunzi. Wengine waliita ni mila ya chuo. Kifo chake kiliamsha wanawake wengi nchini, wakiwamo waandishi wa habari wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na kelele za miaka hiyo ni sehemu ya safari iliyotufikisha kwenye sheria ya 1998.

Ninapoitazama Punch leo, sioni kisa cha ukosefu wa sheria. Kumshambulia mtu lilikuwa kosa hata mwaka 1990. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa chuo aliyekuwa na wajibu wa kumfuata msichana yule kabla hajamtaja yeyote, kumwambia: utalala mahali pengine kuanzia leo, masomo yako hayatapotea, na kuna mtu atakayekaa nawe. Mabango yalishamtaja yeye. Chuo hakikuhitaji malalamiko yake ili kujua anaumizwa. Siku hizi ukuta umehamia kwenye simu. Picha za utupu zinasambazwa, na vipigo vya bwenini vinarekodiwa na kurushwa mitandaoni kabla aliyepigwa hajafika zahanati. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo. Lakini mwanafunzi ambaye picha zake zimesambaa leo asubuhi ana mtihani saa nane mchana, na kati ya sheria na mtihani huo hakuna ofisi inayojua la kufanya.

Hili linanileta kwenye jambo gumu kuliko yote, la mhadhiri.

Novemba 2018, siku Rais Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya pale Mlimani, Dk. Vicensia Shule, mhadhiri wa chuo hicho hicho, aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni na kwamba angetamani Rais aambiwe. Nchi nzima ilisikia. Yeye aliitwa na chuo kujieleza. Baadaye TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na ikathibitisha kwamba tatizo lipo. Lakini tukumbuke mpangilio wa mambo: aliyesema ndiye aliyehojiwa kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeangalia yale alijifunza somo lake, bila shaka. Kama daktari wa falsafa mwenye ajira anaitwa mbele ya kamati, yeye mwenye sapu mbili, mitihani ya kurudia, ni nani?

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inasema kwamba mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa haki au upendeleo anatenda kosa. Ni jambo jema kuwamo. Adhabu yake, hata hivyo, ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Linganisha na miaka 30 ya kubaka. Mhadhiri aliyemtisha binti kwa kumfelisha mpaka akakubali, akishitakiwa kwa rushwa, anaweza kulipa faini na kurudi nyumbani jioni. Zaidi ya hayo, kesi ya rushwa huacha harufu ya biashara ya watu wawili, kana kwamba mwanafunzi naye alikuwa sokoni anatafuta alama. Kumbe mara nyingi alama anazotishiwa nazo ni zake, ameshazipata kwa jasho, na mhadhiri amezikalia.

Njia inayotumika sana kuwanasa ni mtego. Mwanafunzi anapiga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, anaeleza, kisha anaendelea kuwasiliana na mhadhiri kwa maelekezo ya maofisa. Anakubali miadi. Anakwenda gesti. Anaingia chumbani, anakaa kitandani na mtu anayemwogopa kuliko wote duniani, anasubiri mlango ugongwe. Wapo mabinti waliofanya hivyo na nawaheshimu sana. Lakini tusijenge mfumo mzima juu ya ushujaa wa aina hiyo. Ujumbe wa simu ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupokea mahakamani mradi ieleweke umetoka wapi na umetunzwaje. Simu itunzwe yenyewe, si picha za skrini peke yake. Na wenzake waliotumiwa maneno kama hayo na mtu huyo huyo wanaweza kuja pamoja. Wahadhiri wa tabia hii ni mara chache sana kuwa na mmoja tu.

Lakini tuseme binti hataki kumshitaki. Anataka amalize shahada yake aondoke. Ana haki ya kupata nini? Kwa sasa, karibu hapati kitu. Hapa ndipo ningependa makamu wakuu wa vyuo wanisikilize, kwa sababu suluhisho haliwagharimu fedha nyingi wala halimhukumu mtu yeyote bila kusikilizwa. Mwanafunzi akileta lalamiko kwa siri kwamba hajisikii salama mbele ya mhadhiri fulani, karatasi zake za mtihani zisahihishwe na mwingine, na mtahini wa nje azione. Kama ni msimamizi wa tasnifu yake, abadilishwe ndani ya wiki, na barua ya mabadiliko iandikwe tu kwamba ni sababu za kiutawala. Kama ni mwanafunzi mwenzake wa bwenini, mmoja wao ahamishwe, na asiwe yeye aliyelalamika isipokuwa apende. Akihitaji mtihani maalumu au kuahirisha muhula, barua ya daktari itoshe bila kisa kuzunguka meza za idara nzima mpaka kwa katibu muhtasi.

Wapinzani wa hoja hii watasema inafungua mlango kwa wanafunzi wavivu kuwakimbia wahadhiri wakali. Nimelifikiria pingamizi hilo kwa makini, kwa sababu wahadhiri wengi ni watu waadilifu na wana haki ya kulindwa majina yao. Jibu langu ni kwamba kusahihishiwa na mwalimu mwingine si zawadi. Mwanafunzi mvivu atafeli hata kwa msahihishaji wa pili. Na mhadhiri ambaye karatasi tatu kati ya mia mbili zimesahihishwa na mwenzake hajapoteza mshahara, cheo wala heshima, hasa kama barua haisemi chochote. Kumwadhibu mtu kunahitaji uthibitisho na kusikilizwa kwa pande zote. Kumkinga mwanafunzi kunahitaji tahadhari tu, na tahadhari haimpi mtu hatia.

Kamati za nidhamu nazo zijue mipaka yake. Kubaka ni jinai, na chuo hakina mamlaka ya kukaa kikao, kusuluhisha, na kumfanya mshitakiwa aombe radhi mbele ya mshauri wa wanafunzi. Kikao cha namna hiyo kinavuruga mashahidi na kuchelewesha polisi, na mara nyingi huishia kwa wazazi wa pande mbili kukutana «kuyamaliza». Naelewa familia inatafuta kulinda heshima ya mtoto wake. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, na uamuzi ni wake. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na maofisa wanaokimbilia kumpigia baba yake simu kabla ya kumwomba ruhusa. Kwa binti wengi, hofu kubwa kuliko polisi ni kurudishwa nyumbani, bumu likakatika, masomo yakaishia hapo, na kijiji kizima kikajua sababu.

Wanafunzi wa kiume waliodhalilishwa wapo, na ukimya wao ni mzito zaidi. Sheria yetu inaeleza kosa la kubaka kwa sura ya mwanamume dhidi ya mwanamke. Mwanamume analindwa na vifungu vingine vya udhalilishaji, ambavyo askari wengi wa kaunta hawavifikirii. Naye anahitaji PEP ile ile, ndani ya saa zile zile. Wenye ulemavu nao hulengwa kwa sababu mkosaji anahesabu kwamba hawataweza kueleza. Mwanafunzi kiziwi akifika dawatini asikute mkalimani, hajahudumiwa. Asiyeona akimtambua mtu kwa sauti, mahakama zetu huutazama utambuzi huo kwa mashaka makubwa, na hivyo sampuli za hospitali za usiku ule zinakuwa tegemeo lake. Kila kasoro niliyoieleza juu inawaumiza hao mara mbili.

Kenya wametufundisha mambo mawili katika hili, moja la kuiga na moja la kuogopa. La kuiga ni fomu ya huduma baada ya kubakwa, PRC, inayojazwa hospitalini na mhudumu wa afya, ikaandamana na P3 ya polisi. Maana yake kumbukumbu rasmi ya kilichotokea inaweza kuanza kwa nesi, si kwa askari, na namba 1195 inapigwa bure na mtu yeyote anayetaka kuelekezwa. La kuogopa ni kifungu cha 38 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006. Kilisema atakayetoa tuhuma za uongo ataadhibiwa kwa adhabu ile ile ya kosa alilomtuhumu nalo mwenzake. Fikiria unamwambia binti asiye na shahidi wala karatasi kwamba asipoaminika anaweza kufungwa kama mbakaji. Ilichukua mpaka mwaka 2012 kifungu hicho kufutwa. Baadhi ya kanuni za vyuo vyetu bado zina sentensi za kuwatisha «watakaotoa taarifa zisizo za kweli» ukurasa ule ule unaowaalika wanafunzi kuripoti. Zifutwe. Uongo wa makusudi una sheria zake tayari.

Kuna kipimo kimoja ambacho mabaraza ya vyuo yanaweza kukidai kwenye kikao chao kijacho. Kila mwaka chuo kitangaze, bila majina, watu wangapi walipata matibabu na ulinzi, wangapi kati yao waliamua kufungua malalamiko, na malalamiko hayo yalichukua siku ngapi mpaka uamuzi. Tarakimu mbili za mwanzo zitengane, kwa sababu ya kwanza lazima iwe kubwa kuliko ya pili mahali ambapo watu wanasaidiwa bila masharti. Miaka ya mwanzo taarifa zitapanda, na waandishi wa habari tuwe wastaarabu tusiandike kwamba chuo hicho kimeharibika. Chuo chenye wanafunzi 20,000 kinacholeta taarifa ya sifuri, mwenyekiti wa baraza amwulize makamu mkuu zahanati yao inafungwa saa ngapi, ufunguo wa dawati anao nani usiku, na mara ya mwisho dereva wa zamu alimpeleka mwanafunzi hospitali ilikuwa lini.